NENO KWA FAMILIA: Mama aliyeuza sufuria

   

Mwezi huu tulikuwa tumeahidi kuandika juu ya nidhamu ya watoto wanaobalehe. Hiyo itangoja. Kuna swali limetufikia na tumeona hatuwezi kuliruka.

Siku moja baada ya ibada tulikuwa tumekaa chini ya mti tunapanga ukurasa huu. Akaja mama mmoja, jirani yetu hapa Dzaleka. Yeye mwenyewe ameturuhusu tumwite Mama Sufuria, na mtaona kwa nini. Hakukaa. Akasema: “Ninyi kila mwezi mnatuandikia tusikate tamaa, tuwe na tumaini. Haya, leo niambieni, hilo tumaini ni kitu gani? Maana mimi nililipata, nikauza sufuria zangu zote, na sasa napikia sufuria ya kuazima.”

Kisa chake wengi mnakijua kwa sababu ni kisa cha wengi. Familia ile ilikuwa imengoja miaka na miaka. Mahojiano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vipimo vya hospitali. Masomo ya maandalizi ya safari. Mwishoni tarehe ya ndege ikatoka. Wakafanya kama tunavyofanya wote: wakauza godoro, viti na sufuria, kuku wakawagawia majirani, nyumba wakamwachia shemeji, watoto wakatolewa shule kwa sababu ya nini tena? Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump wa Marekani akatia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Ndani ya siku chache safari zikafutwa, za Malawi na za nchi nyingine zote. Mama akarudi kwa shemeji yake kama mgeni katika nyumba aliyoikandika udongo kwa mikono yake.

Siku ile hatukumjibu. Mmoja wetu alienda kumtafutia maji ya kunywa, wengine tukakaa tu. Jibu tumelitafuta baadaye, kwa wiki tatu, tukibishana wenyewe kwa wenyewe, na hapa tunawaletea tulichopata.

Kwanza, hili neno limejaa hapa kwetu kama vumbi la Septemba. Simama sokoni uite “Tumaini!” watageuka wasichana watatu na mvulana mmoja. Ita “Espérance!” watageuka wamama. Hata wenyeji wetu Wamalawi wasiojua Kiswahili wanalijua, kwa sababu ya Tamasha la Tumaini alilolianzisha mshairi Menes La Plume hapa hapa Dzaleka mwaka 2014. Lakini ukimuuliza mtu, “Wewe unatumaini nini?”, mara nyingi atakujibu kwa jina la nchi: Kanada, Australia, Marekani. Au atakujibu kwa tarehe: mwaka huu, kabla ya mvua, kabla ya Krismasi.

Na wako wanaotuuzia hizo tarehe. Hatutaji mtu wala kanisa. Mnawajua. “Kabla maembe hayajaiva utakuwa umepanda ndege, leta sadaka ya kufungulia mlango.” Maembe yameiva mara ngapi tangu tuanze kusikia maneno haya? Mtoto aliyekuwa tumboni siku ya unabii huo leo anapanda mwembe mwenyewe anachuma.

Jambo hili si geni. Biblia inalo, na limeelezwa wazi kabisa katika Yeremia sura ya 28 na ya 29. Tunawaomba mzisome zote mbili kwa pamoja nyumbani, jioni moja, mkisomewa na mtoto anayejua kusoma vizuri.

Watu wa Yuda walichukuliwa utumwani kwa mafungu. Fungu moja kubwa liliondolewa Yerusalemu mwaka 597 kabla ya Kristo. Alichukuliwa mfalme Yekonia, ambaye pia anaitwa Yehoyakini, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ametawala miezi 3 tu. Alienda na mama yake, wakuu wake, askari, mafundi na wahunzi. Wakapelekwa Babeli. Miaka kama minne baadaye, kule Yerusalemu, nabii mmoja jina lake Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme, na waliohamishwa wote. Miaka miwili! Hebu fikirini furaha iliyokuwa mle ndani.

Yeremia alikuwepo, amevaa nira ya mti shingoni, ule mti wanaofungwa ng'ombe wakati wa kulima, kuonyesha kwamba utawala wa Babeli bado upo. Sasa angalieni alivyojibu, maana sisi tumesoma habari hii mara nyingi tukipita hapa bila kuona. Neno lake la kwanza lilikuwa Amina. Akasema Bwana na afanye hivyo, airudishe ile jamaa yetu yote. Yeremia naye alitamani warudi! Alikuwa na ndugu, alikuwa na marafiki kule. Hakuwa mtu mkavu anayefurahia habari mbaya. Alitamani iwe kweli kama sisi tunavyotamani, ila kutamani kwake hakukumfanya aseme Mungu amesema jambo ambalo Mungu hakulisema.

Hanania akamvua ile nira akaivunja mbele ya watu. Yeremia akaenda zake, kimya. Ni baadaye ndipo neno likamjia kwamba nira ya mti imevunjwa, na mahali pake itakuwa nira ya chuma. Na shtaka juu ya Hanania lilikuwa hili: amewafanya watu hawa wautumainie uongo. Akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba, miezi miwili tu baada ya unabii wake.

Ndipo inakuja barua. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa, akawapa Elasa na Gemaria waipeleke. Kwa ufupi iliwaambia: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, waozeni watoto wenu, msipungue, na uombeeni heri mji ule mlikopelekwa, maana amani yake ndiyo amani yenu. Halafu sura ya 29 mstari wa 10 unataja muda. Miaka 70. Baada ya hapo ndipo unakuja ule mstari wa 11 unaosema Mungu anayajua mawazo anayowawazia, ya amani, ya kuwapa mwisho mwema.

Mstari wa 11 tunaujua wote. Umeandikwa kwa chaki juu ya milango, umeshonwa kwenye vitambaa vya viti, umechapwa kwenye fulana za kwaya. Mstari wa 10 bado hatujauona kwenye mlango wa mtu yeyote. Mtu wa miaka 30 aliyesikia barua ile ikisomwa alijua hesabu: yeye harudi. Labda mtoto wake, zaidi sana mjukuu. Na barua haikupokelewa kwa vigelegele. Mmoja wa waliohamishwa, Shemaya, aliandika barua kali kurudisha Yerusalemu, akitaka Yeremia afungwe kama mwenda wazimu kwa kuwaambia watu kwamba muda ni mrefu.

Mtusamehe tukitoka nje ya Biblia kidogo, kuna jambo limetufurahisha sana. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Wajerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walichimba magofu ya mji wa Babeli, ambayo leo yako nchi ya Iraki. Wakapata vibao vya udongo vyenye maandishi. Mwaka 1939 mtaalamu Ernst Weidner akatangaza yaliyosomwa ndani ya baadhi yao. Zilikuwa orodha za kugawa mafuta. Na ndani ya orodha hizo limo jina la Yekonia mfalme wa Yuda, pamoja na wana wake watano. Ndiyo, mmesoma vizuri. Mfalme wa ukoo wa Daudi alikuwa kwenye listi ya rasheni! Karani alimwandika jina lake na kiasi chake, na watoto wake fungu lao, sawasawa na sisi. Tulipomsimulia Mama Sufuria alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, akauliza: “Naye walimpunguzia?”

Vibao vingine vilivyotangazwa miaka ya karibuni vinaonyesha watu wa Yuda waliokaa kwenye kijiji kilichoitwa kwa jina la kwao, Al-Yahudu. Wanalima, wanakodi mashamba, wanalipa kodi, wanaandikiana mikataba, wanadaiana. Cha zamani kuliko vyote ni cha mwaka 572 kabla ya Kristo. Kwa hiyo watu walipanda kweli.

Hapa ndipo kijana mmoja wa kwaya, aliyekuwa anatusikiliza, alipotukatiza. Tunaandika maneno yake bila kuyapunguza, maana tunajua ni ya vijana wengi: “Kwa hiyo mnatuambia tuzoee? Tufie hapa? Yeremia alisema pandeni bustani. Mimi nipande wapi? Nilikuwa na duka Lilongwe, nilikuwa nimepanda tayari. Mwaka 2023 ikatoka amri turudi wote kambini, duka likaisha. Na hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla hatujaletwa mwaka 1994. Sisi ni wafungwa, semeni ukweli.”

Mzee mmoja akamjibu kwamba hata nabii Zakaria, sura ya 9 mstari wa 12, anawaita watu waliotoka Babeli wafungwa, lakini kinachowafunga anakiita tumaini. Kijana akasema maneno mazuri hayalipi kodi ya duka. Mzee akanyamaza.

Sisi tunaona kijana ana haki. Kambi iliyopangwa kwa watu kama elfu kumi sasa ina zaidi ya 50,000, na aliyenyang'anywa kazi ya mikono yake hawezi kuambiwa apande bustani kama mtu asiyejua maana ya bustani. Kusema hivyo kungekuwa dhihaka. Wala barua ya Yeremia haisemi zoeeni. Inasema mtarudi. Haikufuta kurudi, ilifuta tarehe ya Hanania. Na anayeomba heri ya mji hakatazwi kwenda kwa wakuu wa mji huo kuomba haki yake, kwa heshima na kwa maandishi, hata mara kumi.

Lakini kuna sura nyingine ambayo ndiyo imetufungua macho zaidi, na tulimsomea kijana yule yule. Ni Yeremia 32. Miaka imepita. Yerusalemu sasa imezungukwa na jeshi la Babeli, ndani kuna njaa, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi. Anakuja binamu yake Hanameli. Anataka kumuuzia shamba! Shamba la Anathothi, nje ya mji, upande ambao adui ameshaushika. Ni kama mtu aje leo hapa Dzaleka akuuzie shamba la Masisi wakati risasi zinalia. Wewe ungetoa hata kwacha moja?

Yeremia alinunua. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Akaita mashahidi. Hati zikaandikwa mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kama sheria ilivyotaka. Akampa karani wake Baruku, akamwambia aziweke katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Kila kitu kwa utaratibu, kama mtu mwenye akili zake timamu. Na baada ya kumaliza, ndipo akaingiwa na mashaka! Aliomba sala ndefu ambayo mwisho wake ni kama anamwambia Mungu: mji huu unaanguka, wewe mwenyewe unaona, na bado umeniambia ninunue shamba? Tunapenda kwamba hilo liliandikwa. Alitii kwanza, akatetemeka baadaye.

Wengi wetu tuna chombo chetu cha udongo. Ni ule mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ukachomekwa kati ya mti na paa, mahali pasipovuja. Ndani kuna hati ya kiwanja cha Uvira, cheti cha ubatizo, diploma ya ualimu ya Bukavu, picha ya marehemu baba. Mvua ikinyesha usiku, kitu cha kwanza unachopapasa gizani baada ya watoto ni mfuko ule.

Sasa muone: mtu aliyewaandikia walioko Babeli wapande bustani kule kule, ndiye huyo huyo aliyenunua shamba nyumbani akatunza hati. Alishika yote mawili. Hanania hakushika hata moja. Hakupanda Babeli kwa sababu miaka miwili ni karibu, na hatusomi kwamba alinunua chochote. Alikuwa na tarehe tu mkononi.

Tumrudie basi Mama Sufuria. Alituuliza tumaini ni kitu gani, hakuuliza tunajisikiaje. Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno la tumaini ni tikva. Neno hilo hilo ndilo limetumika katika Yoshua 2 kwa ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani. Ni tumaini, na ni kamba. Na Kiswahili chetu, bila kufundishwa na Mwebrania yeyote, nacho kinasema kukata tamaa. Kinachokatwa ni nini kama si kamba?

Kamba haina nguvu yake yenyewe. Ukitaka kujua itakusaidia au haitakusaidia, unafuata mpaka mwisho wake uone imefungwa kwenye nini. Ikiwa imefungwa kwenye tarehe, siku tarehe inafutwa kamba inaanguka, na nyumba nzima inaanguka nayo, na sufuria. Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unatumia mfano wa nanga. Tuliovuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi mkubwa tunaelewa haraka. Nanga ikikaa ndani ya mtumbwi ni mzigo tu kama mawe mengine. Inafaa ikiwa imeachiliwa, imezama chini ambako huioni, imeshika. Waebrania wanasema nanga yetu imeingia ndani ya pazia, pale Yesu alipotangulia kuingia. Haionekani, lakini upepo ukija unajua kama imeshika au haijashika.

Hapo mtu atasema, haya ndiyo maneno ya mimbarini. Tunakubali. Kwa hiyo tuwachukue barabarani, kwenye Luka 24, kwa wale wawili waliokuwa wanatembea kwenda Emau. Nao walikuwa na tumaini lenye sura: kwamba Yesu ndiye atakayeikomboa Israeli. Yeye akasulibiwa Ijumaa, akazikwa. Sasa ni Jumapili na wanaondoka mjini, wanasema kwa wakati uliopita kwamba wao walikuwa wakitumaini. Si mnaijua lugha hiyo? “Tulikuwa tukitumaini mwaka ule.” Ni lugha ya mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye ubao wa matangazo, halafu karatasi ikabanduliwa.

Na mgeni anayetembea nao hakuanza kwa kuwakemea. Aliuliza, mnazungumza habari gani? Akawaacha waseme yote mpaka mwisho, habari ambazo yeye alizijua kuliko wao. Kuwakemea alikuja kuwakemea baadaye kidogo, lakini sikio lilitangulia. Kisha akakaa mezani kwao, akamega mkate, wakamtambua. Walichokuwa wakikitumaini, kwamba Israeli itakombolewa siku ile, hawakukipata. Warumi walikuwa bado Yerusalemu Jumatatu asubuhi. Walimpata yeye mwenyewe, hai. Wakaondoka usiku ule ule wakarudi mji ule ule waliokuwa wanaukimbia.

Hapo ndipo imani ya Kikristo inafunga kamba yake: kwa mtu aliyekufa kweli, akazikwa kweli, akafufuka. Mtume Paulo alisema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, sisi tunaoamini ndio wa kusikitikiwa kuliko watu wote. Hakutuachia mlango wa nyuma. Kama jambo hili ni uongo, basi tuliyoandika hapa yote ni Hanania mwingine. Sisi tunaliamini. Na kwa sababu tunaliamini, tunaweza kumwambia Mama Sufuria kwamba amri ya Januari 2025 ilikata safari yake. Kamba hiyo nyingine haikuifikia.

Lakini tafadhali, wapendwa, neno hili lisigeuzwe kitambaa cha kuzibia watu midomo. Tumeona msibani mtu anamwendea mjane anayelia na kumwambia, “Usilie, sisi tuna tumaini.” Mwache alie! Kitabu cha Zaburi kina nyimbo za kulia, na Zaburi ya 88 inaisha gizani kabisa, bila neno moja la kufariji mwishoni, na bado ni sala, na bado imo ndani ya Biblia. Maombolezo ni kitabu kizima. Anayemlilia Mungu bado ameshika kamba, hata kama anaivuta kwa hasira. Aliyeiachia hamlilii mtu.

Tumalizie na watoto, maana huu ni ukurasa wa familia na hapa ndipo tuna wasiwasi mkubwa. Wapo watoto waliotolewa shule kwa ajili ya safari mwaka 2025 na hawajarudishwa. Wengine wazazi wanasema, “Tutaanza tukifika kule.” Wengine watoto wenyewe wanakataa, eti wataanzia darasa moja na wadogo zao, ni aibu. Tunajua aibu hiyo. Lakini kumbukeni yule mfalme wa rasheni. Katika ukoo wake, kule kule Babeli, alizaliwa mtoto akaitwa Zerubabeli, jina ambalo wataalamu wengi wanasema maana yake ni mbegu ya Babeli. Mtoto wa kambi, kwa lugha yetu. Koreshi mfalme wa Uajemi alipotoa ruhusa ya kurudi mwaka 538 kabla ya Kristo, aliyekuja kuwaongoza watu na kuweka msingi wa hekalu la pili alikuwa huyo Zerubabeli, na jina lake limo katika Mathayo sura ya 1, kwenye ukoo wa Yesu. Kuna mtu alimfundisha kusoma. Kuna mtu, katika miaka ile ambayo hapakuwa na tarehe yoyote, alimkalisha akamfundisha torati na hesabu na habari za kwao.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo atuone Jumapili baada ya ibada, chini ya mti ule ule. Wapo walimu wawili kati yetu ambao wamekubali kuwafundisha jioni mpaka wawafikie wenzao, na tutakwenda pamoja na mzazi kuongea na mwalimu mkuu. Hakuna malipo. Lete daftari kama lipo.

Mwezi ujao tutarudi kwenye nidhamu ya vijana, Mungu akipenda. Maswali yenu mtuletee kwa karatasi au kwa mdomo, yote tunapokea.

Tulikuwa tumeshamaliza kuandika ukurasa huu juzi tulipomkuta Mama Sufuria sokoni, amesimama mbele ya muuza vyombo, anabishania bei ya sufuria. Ile ya saizi kubwa, ya ugali wa watu wanane. Muuzaji akamwambia, “Mama, si wewe ulikuwa unasafiri?” Akamjibu, “Siku nikisafiri nitakuuzia tena wewe mwenyewe. Punguza bei.”